Nia na Uamuzi: Somo la Mabadiliko Kazini, Kutoka Vilvoorde Hadi Ubungo



Safari hii nimependa tuongee kuhusu kazi badala ya mitihani. Mada yangu ni mabadiliko kazini: pale kampuni inapobadili mashine, mfumo, mwenye mali au mahali, na wafanyakazi wakatakiwa kuyazoea. Najua kuna watakaosema hayo ni ya wenzetu wanaosoma utawala na biashara, sisi wahandisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana tu. Mabadiliko mengi ya kazini siku hizi yanaanzia kwenye mchoro wa mhandisi au programu ya mtu wa kompyuta. Tukirudi nyumbani na shahada zetu, wengi wetu tutapewa cheo cha kuwaambia watu walioanza kazi kabla hatujazaliwa kwamba kuanzia Jumatatu kazi itafanywa hivi na si vile. Na tukibaki huku Ulaya, basi tutakaa upande wa pili wa meza, tuambiwe sisi.

Mji huu tunaoishi umelisoma somo hili kwa gharama kubwa, na zaidi ya mara moja. Tuanze hapa hapa, kisha twende nyumbani.

VILVOORDE, ALHAMISI TAREHE 27 FEBRUARI 1997

Ukipanda treni Bruxelles-Nord kuelekea Mechelen, dakika chache tu baada ya kutoka mjini unapita Vilvoorde. Hapo palikuwa na kiwanda cha magari cha Renault, chenye wafanyakazi wapatao 3,100. Hakikuwa kiwanda kibovu. Kilikuwa kimetiwa fedha za kukifanya cha kisasa, na wafanyakazi walikuwa wamekubali ratiba mpya za saa za kazi ili kiwanda kiweze kushindana na vingine. Kwa maneno mengine, watu wa Vilvoorde walikuwa wameshabadilika mara moja, na walibadilika vizuri.

Alhamisi hiyo mkuu wa Renault, Louis Schweitzer, alikuja Brussels akawatangazia waandishi wa habari kwamba kiwanda kitafungwa mwezi Julai. Hapakuwa na swali wala pendekezo, ni taarifa ya jambo lililokwisha. Wafanyakazi hawakuwa wameulizwa lolote. Wengi walipata habari siku ileile dunia nzima ilipoipata. Hata Waziri Mkuu wa Ubelgiji wa wakati ule, Jean-Luc Dehaene, ambaye nyumbani kwake ni Vilvoorde, alibaki kulalamika kama wengine.

Kilichofuata ni moto. Wafanyakazi walikikalia kiwanda na kuzuia maelfu ya magari mapya yasitoke. Mwezi Machi wenzao wa Renault nchini Ufaransa na Hispania waliacha kazi pamoja nao, na makumi ya maelfu ya watu wakaandamana katika barabara za Brussels. Mwezi Aprili mahakama za Ubelgiji na Ufaransa, kila moja kwa upande wake, zilisema kwamba Renault haikutimiza wajibu wa kuwapa wafanyakazi taarifa na kushauriana nao.

Hapa tuwe waangalifu. Renault ilikuwa na sababu za kibiashara. Mwaka 1996 ilipata hasara ya zaidi ya faranga bilioni 5 za Ufaransa, na ilikuwa na viwanda vingi kuliko magari iliyoweza kuuza. Inawezekana kabisa kwamba hata baada ya mazungumzo ya mwaka mzima jibu lingekuwa lilelile. Lakini watu walipoulizwa kwa nini wana hasira, wengi hawakuzungumzia hesabu. Walizungumzia namna walivyoambiwa. Mtu aliyefanya kazi miaka 20, akakubali kila alichoombwa, halafu habari ya kufukuzwa kwake anaipata kama mpita njia. Hilo ndilo lililouma.

SHERIA ILIYOZALIWA NA HASIRA

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Februari 1998, Ubelgiji ilipata sheria mpya. Ina jina refu rasmi, lakini hapa kila mtu anaiita Sheria ya Renault. Nawaomba muifahamu, kwa sababu ndani yake kuna wazo moja ambalo nadhani ni zuri kuliko sura nyingi za vitabu vya uongozi.

Wazo lenyewe ni kutofautisha nia na uamuzi. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa wingi haruhusiwi kuja na uamuzi. Anatakiwa kuja na nia. Hatua zake, kwa ufupi, ni hizi:

1. Mwajiri anatoa taarifa kwa maandishi kwamba ana nia ya kupunguza wafanyakazi, na anaeleza sababu.

2. Anakutana na baraza la wafanyakazi au wawakilishi wao. Hao wana haki ya kuuliza maswali, kutoa hoja na kuleta mapendekezo mengine.

3. Mwajiri lazima ayachunguze mapendekezo hayo na kuyajibu. Hatakiwi kusikiliza tu huku akiangalia saa.

4. Hayo yakiisha ndipo anaipelekea ofisi ya ajira taarifa rasmi ya nia yake na kuibandika mahali pa kazi. Kisha anasubiri, kwa kawaida siku 30, kabla ya kuanza kuwaachisha watu.

Akiruka hatua, wafanyakazi wanaweza kuupinga utaratibu huo, na kuachishwa kwao kunaweza kusimamishwa.

Kuna kanuni nyingine ya zamani zaidi ambayo sisi wahandisi inatugusa moja kwa moja. Ni mkataba wa pamoja wa kitaifa Na. 39, uliofungwa tarehe 13 Desemba 1983 kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Unasema kwamba kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi, ikitaka kuleta teknolojia mpya itakayowagusa wengi kwa uzito, lazima iwape wawakilishi wao maelezo kwa maandishi angalau miezi mitatu kabla ya kuanza kuifunga, na kushauriana nao juu ya matokeo yake kwa ajira, mafunzo na namna ya kazi. Kwa hiyo hapa Ubelgiji ratiba ya mradi wako wa kiufundi ina miezi mitatu ya watu ndani yake. Ukiisahau, si ratiba kamili.

FOREST: SOMO LA PILI NA LA TATU

Je, sheria ilisaidia? Twende kusini mwa mji, Forest, si mbali na stesheni ya Midi. Hapo palikuwa na kiwanda cha Volkswagen. Tarehe 21 Novemba 2006 kampuni ilitangaza kwamba uundaji wa gari la Golf utahamishiwa Ujerumani. Kazi zilizokuwa hatarini zilikuwa kama 4,000, kati ya watu zaidi ya 5,000.

Watu waligoma, wakaandamana, hasira zilikuwepo. Lakini safari hii palikuwa na meza na utaratibu. Mazungumzo yalifanyika kati ya kampuni, vyama vya wafanyakazi na serikali ya Guy Verhofstadt. Mwisho wake kiwanda hakikufungwa. Mwaka 2007 kiliingia mikononi mwa Audi, kampuni ya kundi lilelile. Waliotaka kuondoka kwa hiari walilipwa fidia, na kwa waliokaa muda mrefu ilizidi euro 100,000. Waliobaki, kama 2,200, walikubali wiki ya kazi ya saa 38 badala ya 35. Haikuwa sherehe, wenzangu. Ila zilipatikana kazi kwa miaka 18 mingine ambazo siku ya tangazo hazikuonekana.

Katika miaka hiyo 18 wafanyakazi wa Forest walibadilika tena. Kiwanda kiliunda Audi A1 kuanzia 2010, kisha kikajengwa upya kwa ajili ya gari la umeme, e-tron, lililoanza kutoka mwaka 2018. Fikiria fundi aliyezoea injini na bomba la moshi, sasa anafundishwa kufanya kazi salama na betri na umeme wa msongo mkubwa. Walifundishwa, wakaweza. Anayekwambia kwamba mfanyakazi wa umri wa miaka 50 hawezi kujifunza kitu kipya, mpeleke akasome habari za Forest.

Lakini somo la tatu ni chungu. Julai 2024 Audi ilitangaza nia (angalieni neno hilo) ya kupanga upya kiwanda, kwa kuwa soko la gari lile lilikuwa limeshuka. Mazungumzo yalichukua miezi, wawekezaji wakatafutwa, haikupatikana njia. Septemba wafanyakazi walichukua funguo za magari kama 200 wakagoma kuzitoa wakidai majibu ya wazi. Tarehe 28 Februari 2025 kiwanda kilifungwa, na watu wapatao 3,000 wakapoteza kazi. Ni miaka 28 na siku moja tangu ile Alhamisi ya Vilvoorde.

Kwa hiyo tusidanganyane. Kushauriana hakuzuii kiwanda kufungwa. Na hata meza ile haikutosha kila mtu: wengi waliokuwa wakifanyia kazi kampuni za kuleta vipuri, na wale wa mikataba mifupi ya wakala, walikuwa nje yake, na baadhi yetu wanafunzi tunazijua kazi hizo za wakala. Faida ya kushauriana ni kwamba kunaleta muda na sauti, na mara nyingine, kama 2006, kunaleta njia ambayo bosi peke yake hakuiona. Inawezekana njia isionekane. Lakini bila meza hata kuitafuta hakuanzi.

JARIBIO LA WASHONAJI WA NGUO ZA KULALIA

Mhandisi hataki hadithi tu, anataka jaribio lenye kundi la kulinganisha. Lipo. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika kiwanda cha Harwood, mji wa Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Kiwanda kilitengeneza nguo za kulalia. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walilipwa kwa idadi ya vipande, na kila walipobadilishiwa namna ya kazi uzalishaji ulishuka na watu wakaacha kazi.

Basi wakayagawa makundi. Kundi la kwanza liliitwa mkutanoni, likaelezwa kwamba ushindani ni mkali, kazi itabadilika hivi na malipo mapya kwa kipande ni haya, likaruhusiwa kuuliza maswali. Mengi ya makampuni yetu yangesema hapo tumewashirikisha vya kutosha. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wa kusaidia kuipanga kazi mpya. Makundi mengine mawili, madogo, kila mfanyakazi alishiriki kuipanga.

Matokeo: kundi la kwanza lilishuka na halikupanda. Liligombana na mhandisi wa mbinu za kazi (ndiyo, mwenzetu), na asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza. Makundi ambayo kila mtu alishiriki yalirudi kwenye kiwango cha zamani kwa muda mfupi sana, kisha yakakipita kwa kama asilimia 14. Kundi la wawakilishi nalo lilifika, ila taratibu zaidi. Katika makundi yaliyoshiriki hakuna aliyeacha kazi kipindi hicho.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Baada ya miezi miwili na nusu hivi, waliobaki wa kundi la kwanza, watu 13, walipewa kazi nyingine mpya, safari hii kwa njia ya kushiriki wote. Wakapanda kama wengine. Watu ni walewale! Kwa hiyo ile kauli tunayoisikia sana maofisini, eti "wafanyakazi wetu hawapendi mabadiliko, ndivyo walivyo", haisimami. Tatizo lilikuwa njia iliyotumika kuwafikia.

NYUMBANI: TUNACHO, ILA TUNAKISAHAU

Msije mkadhani haya ni mambo ya Wazungu. Tanzania ilikuwa na Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika kipengele chake cha 15, uliwakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliyachukua maneno hayo kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa. Katika miaka ile ya 1971 hadi 1973 palitokea migomo mingi, na baadhi ya viwanda vya Dar es Salaam wafanyakazi waliwafungia mameneja nje. Mabaraza yenyewe yalikuwa ya kushauri tu na mara nyingi menejimenti ndiyo iliyoyaongoza. Lakini neno "baraza la wafanyakazi" halikutoka Brussels. Ni letu.

Sasa tazameni TANESCO mwaka 2002. Serikali iliamua kuikabidhi menejimenti ya shirika kwa kampuni ya Afrika Kusini, NETGroup Solutions, kwa mkataba. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya waliingia makao makuu pale Ubungo wakisindikizwa na polisi. Kwa upande wa fedha kazi ilifanyika: makusanyo yalipanda, na wadaiwa wakubwa walikatiwa umeme, hadi taasisi za serikali. Lakini jiulize, fundi wa laini aliyemwona bosi wake mpya akiingia nyuma ya bunduki, atamwambia lini kwamba transfoma fulani inakaribia kufa? Mkataba uliisha Desemba 2006 na haukuendelezwa. Kuna sababu nyingi, ukiwemo ukame uliokausha mabwawa mwaka ule, siwezi kuweka yote kwenye ile siku ya kwanza. Ila unapoanza kwa polisi, kila kosa la baadaye linahesabiwa mara mbili.

Kenya nako, Mei 2023, katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na waandamanaji, na mtu alipoteza maisha. Wachumaji walikuwa wakiona mashine moja inafanya kazi ya watu wengi sana. Chama chao kilikuwa kimelipeleka suala la mashine mahakamani miaka mingi kabla ya hapo. Yaani onyo lilikuwepo. Mashine ikasonga mbele kwa kasi yake, mazungumzo yakabaki nyuma.

Na sheria tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na ashauriane nao juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda na malipo. Someni tena: nia. Neno lilelile la Vilvoorde. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inadai taarifa ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, uteuzi kwa vigezo vinavyoeleweka, na malipo yasiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili wa kazi. Tatizo letu ni kwamba ridandansi kwetu bado inakuja kwa barua ya Ijumaa jioni.

KAUNTA BUKU LA MAFUNDI

Kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka mitatu katika kiwanda kimoja Dar es Salaam, jina tuliache. Nilipofika ndio kwanza menejimenti ilikuwa imenunua programu ya kompyuta ya kusimamia matengenezo ya mitambo. Mtaalamu alikuja kutoka nje, akafundisha wiki mbili, akaondoka. Mafundi walitakiwa kila wakimaliza kazi waingize taarifa kwa Kiingereza, kwa kuchagua namba za hitilafu kutoka orodha ndefu.

Mafundi wale walikuwa na kaunta buku lao karakanani. Ndani yake kila mtambo ulikuwa na historia: ulianza kulia lini, beringi ilibadilishwa lini, nani aligundua kwamba mvua ikinyesha ukuta ule unavuja juu ya paneli. Kwa Kiswahili, na michoro ya kalamu. Baada ya miezi sita kiwanda kilikuwa na kumbukumbu mbili. Kompyuta ilijaa neno "sawa" kila mstari. Ukweli uliendelea kukaa kwenye kaunta buku. Menejimenti iliposoma ripoti za kompyuta ilidhani mitambo ina afya njema, na bajeti ya vipuri ikapunguzwa!

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kilichookoa jahazi kilikuwa kidogo tu. Fundi mkuu, mzee tuliyemheshimu sote, aliombwa aandike mwenyewe orodha ya hitilafu kwa maneno ya karakana. Zilitosha kama arobaini, badala ya mia kadhaa za mtaalamu. Orodha ikaingizwa kwenye programu kwa Kiswahili, na kaunta buku likaruhusiwa kuendelea sambamba kwa kipindi cha mpito. Baada ya miezi michache vijana ndio waliosema wenyewe kwamba kuandika mara mbili ni kujichosha, wakaliacha buku. Hakuna aliyelipiga marufuku.

BASI TUFANYEJE?

Nikijumlisha hayo yote, ningeshauri mambo haya kwa yeyote atakayepewa kazi ya kubadili mfumo, mashine au idara:

1. Njoo na nia, usije na uamuzi. Sema tatizo kabla hujasema dawa. "Mashine hii inatugharimu kiasi hiki, tufanyeje?" ni sentensi tofauti kabisa na "tumenunua mashine mpya". Kama sehemu fulani imeshaamuliwa na haibadiliki, iseme wazi. Kuwauliza watu juu ya jambo ulilokwisha kulimaliza ni kuwadharau mara mbili.

2. Wafanyakazi wasikie kwanza, na wasikie kutoka kwako. Si redioni, si kwa mlinzi wa getini. Habari mbaya inayotoka kwa mwenyewe inauma, lakini haitukani.

3. Jibu maswali matatu ambayo kila mtu anajiuliza kimyakimya: Je, kazi yangu ipo? Je, mshahara wangu utabaki? Je, nitaweza kazi mpya? Mengine yote, dira na malengo ya kampuni, yatasikilizwa baada ya hayo matatu. Kama jibu hulijui, taja siku utakayolileta, na siku hiyo lilete.

4. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi, kwa lugha ya kazi. Kumfundisha mtu saa 11 jioni akiwa amechoka na anawahi daladala ni kujidanganya. Na mwalimu bora mara nyingi ni mwenzake aliyetangulia kuelewa.

5. Tegemea kushuka kabla ya kupanda. Kila kazi mpya inapunguza kasi mwanzoni. Iweke kwenye ratiba na kwenye bajeti, na kwa wanaolipwa kwa kipande linda kipato chao kwa muda huo. Usipofanya hivyo, kushuka kwa kawaida kutaitwa uvivu, na hapo ugomvi umeanza.

6. Wafikirie wasioweza kuvuka. Hapa Ubelgiji baada ya kupunguzwa kwa wingi huundwa kitengo cha kusaidia watu kupata kazi nyingine, miezi mitatu kwa walio chini ya miaka 45 na miezi sita kwa waliozidi. Kwetu unaweza kuanza na barua nzuri ya utumishi, kiinua mgongo kilicholipwa kwa wakati, na simu moja kwa kampuni ya jirani. Wanaobaki wanaangalia sana jinsi wanaoondoka wanavyotendewa. Hapo ndipo wanapoamua watakufanyia kazi kwa moyo au kwa mikono tu.

Kuna atakayesema haya yote yanachelewesha, na soko halisubiri. Ni kweli yanachelewesha mwanzo. Lakini hesabu na upande mwingine: wiki ambazo kiwanda kinakaliwa, magari yasiyotoka, mashine zilizochomwa, fundi anayejua na hasemi. Miezi mitatu ya mazungumzo ni rahisi kuliko hayo.

Na kwa mlio upande wa pili wa meza, mnaofanya kazi hapa huku mnasoma: jueni haki zenu. Ulizeni kama mahali penu pana baraza au mwakilishi wa wafanyakazi, na kura zake, ambazo hufanyika kila baada ya miaka minne, msizione za wenyeji tu. Ukisikia neno "nia" kwenye tangazo la kampuni, elewa kwamba mlango bado uko wazi kidogo na kuna muda wa kusema kitu. Wengi hawasemi kwa sababu wanadhani mambo yamekwisha.

Wenzangu, kuna siku utashika karatasi yenye mabadiliko yanayogusa chakula cha watu mia. Kabla hujaipeleka kwa bosi isainiwe, shuka nayo karakanani, uwaonyeshe wenye kazi ikiwa bado imeandikwa kwa penseli.

Mwenye hoja tofauti au mfano wa kazini kwake, hasa ndugu zetu mnaofanya kazi bandarini Antwerp, aandike, nafasi ipo. Tukutane toleo lijalo, na kila la heri kwenye mitihani.